Maiti Haumii Akipigwa: Picha Nne za Zombi, Ngumi na Vichekesho, Uchague Ipi?

Ngumi ya tumbo inamwangusha mtu kwa sababu anahitaji kupumua. Mkono ukikunjwa kinyume, anagonga sakafu kwa kiganja kuomba aachiwe, kwa sababu anaumia. Kung fu, karate, judo na jujitsu zote zimejengwa juu ya jambo hilo moja: mpinzani ana maumivu, ana uchovu, ana woga. Sasa mletee maiti aliyefufuka. Hapumui, hachoki, na ukimvunja mkono anakuja na ule uliobaki. Bingwa wa miaka 20 ya mazoezi anageuka kuwa mtu anayepiga gunia, ila gunia hili lina meno.

Kicheko cha picha zinazochanganya zombi na ngumi kinatoka hapo. Ndiyo maana mtu akiniuliza aangalie ipi, simuulizi anapenda kutishwa kiasi gani. Namuuliza anataka kuona ngumi ikishindwa kwa namna gani. Kila picha nzuri ya aina hii ina njia yake ya kumshinda mtu asiyeumia, na njia hiyo ndiyo inayoamua utacheka vipi, utaona damu kiasi gani, na kama mama mkwe anaweza kubaki sebuleni.

Nimechagua nne. Mbili ni za Hong Kong: Encounters of the Spooky Kind ya 1980, aliyoiongoza Sammo Hung na kuicheza mwenyewe kama stelingi, na Mr. Vampire ya 1985, iliyoongozwa na Ricky Lau huku Sammo Hung huyohuyo akiwa mtayarishaji. Ya tatu ni Braindead ya New Zealand, 1992, kazi ya Peter Jackson kabla hajawa Peter Jackson wa tuzo za Oscar. Ya nne ni Tokyo Zombie ya Japani, 2005, iliyoongozwa na Sakichi Sato kutoka kwenye katuni ya Yusaku Hanakuma. Zote nne zinachukua kati ya saa moja na nusu na saa moja na dakika 45, kwa hiyo muda hauwezi kukuamulia.

Nitazipima kwa mambo manne. Kwanza maiti mwenyewe: ni wa namna gani, na sheria zake ni zipi. Pili mapigano: ni mengi kiasi gani, na wanaopigana wanajua kupigana au wanaigiza tu. Tatu kicheko. Nne damu na mambo mengine yatakayokufanya utafute rimoti haraka. Hadithi sikuiweka kwenye vigezo. Hakuna kati ya hizi nne inayoangaliwa kwa ajili ya hadithi, na anayekwambia vinginevyo anataka uonekane mtu wa hali ya juu.

Maiti mwenyewe

Neno zombi kwetu linatua juu ya kitu kingine ambacho tayari tulikuwa nacho. Ukikulia Tanzania, ulisikia habari za msukule kabla hujaona zombi wa sinema: mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amefichwa na mchawi, analimishwa usiku na kulishwa pumba. Msukule hali watu. Ni kibarua asiyelipwa. Zombi wa sinema za Magharibi ni kinyume chake kabisa: hana bwana, hana kazi, ana njaa tu. Nalisema hili mapema kwa sababu katika picha hizi nne kuna maiti wa aina mbili, na usipojua tofauti yao unaweza kuzima ya Kichina dakika ya 20 ukilalamika kwamba umeletewa kitu kisicho zombi.

Picha mbili za Hong Kong zina jiangshi. Huyu ni maiti aliyekakamaa. Viungo vyake havikunji, kwa hiyo hawezi kutembea. Anaruka kwa miguu miwili pamoja, mikono ameinyoosha mbele, amevaa joho na kofia ya ofisa wa enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa Uchina. Katika mkoa wa Hunan, upande wa Xiangxi, kuna simulizi za wachunga maiti: watu waliofia mbali na kwao walirudishwa usiku wakazikwe nyumbani, wamefungwa kwenye miti ya mianzi iliyobebwa mabegani, na mianzi ikinesa maiti walionekana wanarukaruka njiani. Sisi tunaochangishana pesa za kusafirisha mwili kutoka mjini hadi kijijini hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini jambo hilo lilikuwa muhimu kwao.

Utamu wa jiangshi ni kwamba ana sheria, na sheria zake zinachezeka. Katika Mr. Vampire haoni, anakufuata kwa pumzi. Ukibana pumzi anasimama pua kwa pua na wewe, anageuza shingo, hajui ulipo. Ukimbandika karatasi ya manjano yenye maandishi ya kuhani kwenye paji la uso, anatulia kama redio iliyochomolewa. Mchele wa kunata unamchoma. Uzi uliochovywa kwenye wino, ukipigwa juu ya jeneza, unamfungia ndani. Wanafunzi wawili wa kuhani wanaambiwa wapige uzi huo jeneza zima, wanapiga juu na ubavuni, wanasahau upande wa chini. Picha nzima inatoka kwenye upande huo wa chini.

Encounters inatumia sheria za jamaa huyohuyo, ila zimekaa kienyeji zaidi: mayai ya kuku, damu ya mbwa, vioo, na makuhani wawili wa Kitao, dini ya kale ya Uchina, walioshindana. Humo maiti ni silaha ya mtu mwingine. Kuna tajiri anayetembea na mke wa mfanyakazi wake, anataka mume afe bila polisi kujua, kwa hiyo anamlipa kuhani. Ukiniuliza ni maiti gani kati ya wa picha hizi anayekaribia msukule wetu, nitakuonyesha huyu: ana bwana aliyemtuma.

Braindead ina zombi wa njaa, na wanatokea kwa njia ya kipuuzi: mama mmoja wa Wellington, mwaka 1957, anamfuata kijana wake kisirisiri hadi bustani ya wanyama akamchunguze na mpenzi wake, anaumwa na mnyama nusu panya nusu nyani kutoka Sumatra. Anaoza, anakufa, anaamka. Sheria ni kwamba hakuna sheria. Risasi ya kichwa haisaidii, kukata kichwa hakusaidii, kipande cha mwili kinaendelea na safari zake. Lazima umsage. Katika Tokyo Zombie maiti wanatoka kwenye mlima wa takataka unaoitwa Fuji Nyeusi, mahali watu wa Tokyo wanapotupa vitu wasivyovitaka, na wengine huko ndiko wanakozika watu wasiowataka. Zombi hawa ni wa kawaida sana: wazito, wajinga, wanauma. Kama unaangalia kwa ajili ya maiti wenyewe, hapa utapata kidogo. Mkazo uko kwa walio hai.

Mapigano

Hapa tofauti ni kubwa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa na picha za jalada.

Sammo Hung ni mtoto wa shule ya opera ya Peking iliyokuwa Hong Kong chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, alikosoma pamoja na Jackie Chan na Yuen Biao. Ni mnene, na anaruka kama hajui kwamba ni mnene. Katika Encounters anapigana karibu kila wakati, na mapigano hayarudii njia moja. Kuna sehemu nataka uiangalie kwa makini. Cheung, ndilo jina lake humo, naye ndiye yule mume anayetakiwa afe, yuko mkahawani anakula. Kuhani wa upande wa pili, akiwa mbali, anaurogea mkono wake mmoja. Mkono unaanza kufanya mambo yake: unapiga watu wa meza ya jirani, unavunja vyombo, na mwenye mkono anaomba radhi kwa mdomo huku ngumi inaendelea kutembea. Tazama mabega yake. Upande mmoja ni mwoga, upande wa pili ni bingwa, na vyote viwili viko katika mwili wa mtu mmoja kwa wakati mmoja bila ujanja wa kamera. Hilo ndilo jibu la Sammo Hung kwa tatizo tulilolianza nalo: kama mapigo hayamuumizi maiti, basi mwogopeshe na mchoshe yule aliye hai, na mwisho waache miungu ipigane ndani ya miili ya watu. Pambano la mwisho, makuhani wawili wakiwa juu ya madhabahu ndefu, kila mmoja akimwita mungu aingie kwenye mwili wa mpiganaji aliyeko chini, halina mfano katika hizi nyingine tatu.

Mr. Vampire ina ngumi chache zaidi, lakini zimewekwa vizuri zaidi. Lam Ching-ying, anayecheza kuhani Kau, aliwahi kufanya kazi ya kupanga mapigano kwenye timu ya Bruce Lee. Yuen Wah, aliye ndani ya mavazi ya maiti mkuu, ndiye aliyekuwa akiruka sarakasi badala ya Bruce Lee. Kwa hiyo mnapoona kuhani na jiangshi wakikutana, mnaangalia watu wawili wa nyumba moja, miaka 12 baada ya mwenye nyumba kufariki. Yuen Wah anapigana bila kukunja magoti wala viwiko, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Jaribu kuruka ngazi tatu za nyumbani kwako miguu ikiwa imenyooka ndipo utamheshimu. Humo ngumi inafanya kazi moja tu: kumsukuma maiti nyuma ili mtu mwingine apate sekunde mbili za kuchukua upanga, karatasi au mchele. Ngumi inanunua muda. Ushindi unaletwa na elimu ya kuhani.

Kwa Braindead lazima niwe mkweli: usiichukue kama picha ya kung fu. Ina kung fu ya kukumbukwa ambayo haichukui hata dakika tano. Usiku makaburini, maiti wanaamka, na anayetokea kuokoa hali ni padri wa parokia, mzee Baba McGruder, akiwa na kola yake shingoni. Anatangaza kwamba yeye anatwanga watu kwa ajili ya Bwana, kisha anaanza mateke ya kuruka. Na kwa kuwa maiti wameoza, teke la kawaida linang'oa mkono mzima. Hapo ndipo kichekesho kilipo: ngumi haiumizi, lakini inabomoa. Baada ya hapo mapigano yanahamia kwenye vyombo vya nyumbani, hadi mashine ya kukata nyasi ambayo Lionel, yule kijana wa mama aliyeoza, anaibeba kifuani kama ngao na kuingia nayo sebuleni kwenye umati. Bado kuna kupigana kwingi, ila ni kupigana kwa mtu asiyejua kupigana. Sehemu niliyocheka zaidi ni Lionel akiwa bustani ya umma na mtoto mchanga zombi kwenye kigari, anajaribu kumdhibiti kwa makonde mbele ya akina mama waliokuja na watoto wao wa kawaida.

Tokyo Zombie imechagua njia ambayo kwa karatasi ni ya kichaa. Mitsuo na Fujio, waliochezwa na Show Aikawa na Tadanobu Asano, wanafanya kazi kiwanda cha mitungi ya kuzimia moto, na saa za kazi wanazitumia kufanyia mazoezi ya jujitsu sakafuni. Jujitsu ni mchezo wa kukumbatiana. Unamlalia mtu, unamzungushia miguu kiunoni, unaleta shingo yako karibu na mdomo wake. Ukiwa na zombi, hiyo ndiyo sehemu ya mwisho duniani unayotaka kuwa. Lakini ukifikiri zaidi kuna mantiki ndani yake: kufunga kiungo hakutegemei maumivu. Kiwiko kikisukumwa kupita mwisho wake kinateguka, mwenyewe asikie au asisikie. Ni picha pekee kati ya nne ambayo mbinu yenyewe, kama fundi anavyoifundisha, ingefaa kwa maiti. Ubaya wake ni kwamba si ya kupendeza machoni. Na picha inajua hilo. Katika nusu ya pili matajiri wamejifungia ndani ya ukuta na wanakaa ulingoni kuangalia watu wa chini wakipigana na zombi, na Fujio, anayeshinda kwa kumlaza mpinzani na kumkunja polepole, anazomewa kwa kuchosha. Mtu aliyewahi kwenda kuangalia mieleka ya kweli baada ya kuzoea ile ya televisheni atajua hisia hiyo.

Kwa wingi na ubora wa ngumi, basi, Encounters inatangulia, Mr. Vampire inaifuata kwa karibu. Tokyo Zombie ina ngumi za mtu anayependa mchezo kuliko maonyesho. Braindead ina padri mmoja, naye anatosha.

Kicheko

Sisi tuliolelewa na kibanda umiza tuna faida hapa. Tulizoea picha za Kichina zikisimuliwa kwa Kiswahili na mtu mwenye kipaza sauti anayeongeza vichekesho vyake juu ya mateke: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya. Ngumi na kicheko kwetu havikuwahi kuwa vitu viwili. Hata midomo kutolingana na sauti haitusumbui, na vizuri hivyo, kwa sababu picha za Hong Kong za miaka ile zilipigwa bila sauti na maneno yakaingizwa baadaye, hata ya Kikantoni chenyewe.

Encounters inachekesha kwa mwili na kwa mtu kujikuta mahali asipopaswa kuwa. Cheung anajiita jasiri, wenzake wanamchezea kwa dau, yeye hawezi kukataa kwa sababu ya jina. Kwa dau mojawapo anamenya tufaha usiku wa manane mbele ya kioo, ganda lisikatike. Kwa jingine, analala kwenye chumba chenye jeneza akiwa na kapu la mayai. Kila jiangshi anapofungua kifuniko, Cheung anarusha yai na kifuniko kinashuka. Yai, kifuniko, yai, kifuniko, kama watu wawili wanacheza bao. Halafu anarusha yai na kifuniko hakishuki. Muuzaji alikuwa amechanganya mayai ya bata.

Mr. Vampire ina kicheko cha nyumbani, cha mwalimu mkali na vijana wawili wapumbavu. Kuhani Kau ana nyusi zilizoungana na uso usiocheka kabisa, na ndiyo maana kila aibu inayomkuta inaongezeka uzito: anaalikwa kunywa kahawa ya Kizungu asiyojua inanywewaje, na analazimika kulinda heshima yake huku binti aliyesoma anamtazama. Mwanafunzi mmoja amekwaruzwa na maiti, anaanza kugeuka, na dawa ni kucheza juu ya mchele wa kunata bila kusimama. Mwingine amependwa na mzimu mzuri wa kike na anarudi nyumbani alfajiri amechoka. Anayependa vichekesho vya familia, ambapo mtu anacheka tabia kabla ya tukio, hapa ndipo pake.

Braindead inakuchekesha kwa kukutia kinyaa hadi kinyaa kigeuke kitu kingine. Mama anayeoza analazimika kukaa mezani na wageni wa heshima, sikio lake linadondoka ndani ya bakuli la kastadi, naye analila. Ndivyo ilivyo kuanzia hapo hadi mwisho. Kuna mtu atacheka hadi atoe machozi, na mwingine atatoka nje. Hakuna anayekaa katikati. Kinachoizuia isiwe takataka ni kwamba Lionel ni mtu mpole anayejaribu kutunza adabu. Anawafungia zombi chini ya nyumba, anawadunga dawa ya usingizi, anawalisha mezani kama wageni, na aibu ya majirani inamsumbua kuliko kifo.

Tokyo Zombie inachekesha kwa uso mkavu. Watu wawili wanazungumza mambo ya maana sana kwa sauti ya watu wanaojadili bei ya vitunguu. Mmoja ana afro bandia, mwenzake ana kipara bandia, na hakuna anayekitaja. Unaweza kukaa dakika kumi bila kucheka, kisha kikakupata kimoja ukiwa unakwenda kuchukua maji. Nusu ya pili ni kichungu zaidi. Mimi nadhani picha inapoteza mwendo inapobadilika, ingawa rafiki yangu anayefundisha judo anasema hapo ndipo ilipoanza kwake.

Damu, na nani yuko sebuleni

Mr. Vampire ndiyo safi kuliko zote. Damu ipo kidogo, vitisho vipo, na mtoto wa miaka kumi atakayeota ndoto mbaya usiku atakuwa anaruka kwa miguu miwili asubuhi. Kuna mambo ya mzimu na kijana ya kitandani, yamepigwa kwa kificho.

Encounters haina damu nyingi, lakini ina uchinjaji wa kuku kwa ajili ya tambiko, na mwisho wake una kipigo cha mwanamke kilichowekwa kama kichekesho. Picha inasimama ghafla hapo. Mara ya kwanza nilidhani mkanda umekatika. Kama unaangalia na watu ambao jambo hilo litawaharibia usiku, waambie mapema au simamisha baada ya pambano la madhabahu. Hutakuwa umekosa kitu.

Tokyo Zombie ina mauaji, maneno machafu, na mzaha mmoja au miwili kuhusu unyanyasaji wa watoto ambao sikuona umuhimu wake. Damu ni ya wastani.

Braindead haina mjadala. Inasemekana ni moja ya picha zenye damu nyingi zaidi zilizowahi kupigwa, na ukifika kwenye mashine ya nyasi hutabisha. Si ya watoto, si ya mezani, si ya mtu mjamzito mwenye kichefuchefu. Halafu kuna jambo la nakala: Marekani iliuzwa kwa jina la Dead Alive, na mojawapo ya nakala zake imekatwa hadi dakika 85. Nakala kamili ina dakika 104. Ukiona 85, umepewa chai bila majani.

Basi uchukue ipi

Kama umekulia kwenye picha za ngumi na zombi kwako ni nyongeza, anza na Encounters of the Spooky Kind. Kama nyumba imejaa, bibi yupo na watoto wapo, na wote wanataka kitu kimoja, weka Mr. Vampire. Anayekuja kwenye picha za jiangshi kwa mara ya kwanza pia aanzie hapo, kwa sababu inaeleza sheria zake vizuri kadiri inavyokwenda na huhitaji kujua lolote kabla.

Kama mko vijana peke yenu, mmemaliza kula muda mrefu, na mmoja wenu anajisifu kwamba hakuna picha inayoweza kumtia kinyaa, Braindead imetengenezwa kwa ajili yake. Ila usimwahidi kung fu. Mwambie kuna padri.

Kama unafanya jujitsu, judo au mieleka, au unapenda vichekesho vya Kijapani vya kimyakimya, Tokyo Zombie itakupa kitu ambacho hizo nyingine hazina. Iangalie peke yako au na mtu mmoja. Kwenye kundi kubwa watu wataanza kuchezea simu kabla haijakolea. Na kama unachukia kusoma maandishi ya chini ya skrini, ujue kwamba ni Braindead tu ndiyo ya Kiingereza tangu mwanzo. Mr. Vampire haidhuriki sana ikiwekewa sauti za Kiingereza, lakini Tokyo Zombie inategemea mno namna wale wawili wanavyoongea.

Mwenye usiku mzima na nguvu za kuangalia mbili, aanze na Encounters kisha Mr. Vampire, kwa mpangilio huo. Atamwona Lam Ching-ying akiwa ofisa wa polisi kwenye ya kwanza, kisha kuhani kwenye ya pili. Pia atakutana na mzaha uleule mara mbili, miaka mitano katikati. Kwenye ya pili kijana anatumwa dukani kununua mchele wa kunata wa kumwokoa mwenzake, muuzaji anaona mchele hautoshi, anaangalia huku na huku, na anachukua kibaba cha mchele wa kawaida.